Nahodha Asiyepoteza Meli

Ukimsikia mtu wa kwetu Tromsø, kaskazini mwa Norwe, akimsifia nahodha, tega sikio ujue anasifia nini. Hasifii upole wake, wala anavyoimba kanisani, wala anavyoishi na mkewe. Atasema tu, "Huyo hajapoteza meli," na hapo maongezi yamekwisha. Kwa sifa hiyo Hagbart Nymo alivuliwa kofia na kila mtu gatini, kuanzia wapaa samaki hadi konsuli wa Wajerumani, na kwa sifa hiyo hiyo akaangamia. Nasema akaangamia, ijapokuwa alifia kitandani kwake akiwa amekula chumvi nyingi. Waliomjua watanielewa. Wasiomjua wakae kitako niwaeleze, ila wasitazamie kufurahi.

Alizaliwa Balsfjord, kwenye kishamba chenye mawe mengi kuliko viazi. Baba yake alikuwa na mbuzi kadhaa, mashua moja na midomo mingi ya kulisha, kwa hiyo Hagbart alipoanza kuota ndevu alipelekwa mjini akaandikishwa mpishi kwenye meli ya wawinda sili, wale wanyama wa bahari za barafu. Upishi wenyewe hakuujua hata kidogo. Siku alipounguza uji kwa mara nyingine tena, mabaharia walimmwagia kichwani, na nahodha wa meli ile, mzee mwenye hasira za karibu, akampandisha juu ya mlingoti akakae kwenye pipa mpaka apate adabu.

Lile ni pipa kwelikweli, la mbao na pete za chuma, limefungwa juu kabisa ya mlingoti mkuu, na humo ndimo anamosimama nahodha meli ikiwa katikati ya barafu. Ukiwa chini sitahani huoni kitu, umezingirwa weupe pande zote. Ukiwa pipani unaiona njia. Na usipoiona njia unaitazama mbingu: penye barafu mawingu hung'aa weupe kwa chini, penye maji wazi huwa na doa jeusi. Hagbart alipoteremshwa, midomo imekauka na vidole havina damu, hakulia wala hakuomba msamaha. Alisema, "Kule kusini magharibi mawingu yana uchafu." Mzee akapanda kutazama, akashuka, akaamuru meli ielekezwe huko, na kabla ya chakula cha mchana walikuwa kwenye maji wazi. Tangu siku hiyo hakupika tena, jambo lililowafurahisha watu wote melini.

Wakati anapewa meli yake mwenyewe, iliyoitwa Gudveig, wasomi walikuwa wameanza kumiminika Tromsø. Kila kiangazi walishuka na masanduku yao: Waingereza, Wajerumani, Waswidi, na wenzetu wa Kristiania, mji mkuu wetu, ambao kwetu sisi ni wageni kuliko Waingereza. Huyu anatafuta mawe, yule anapima sumaku, mwingine anataka tu kisiwa kimoja kipewe jina la mkwewe. Mmoja alikuja na bafu la bati akadai maji ya moto kila asubuhi. Hagbart alimjazia bafu mabonge ya barafu, akamwambia asubiri yayeyuke.

Mapatano yake na wote hao yalikuwa mafupi. Nchi kavu msomi ndiye mwenye amri. Barafuni amri ni ya nahodha, na nahodha akishakuwa pipani hapandi mtu mwingine, hashauri mtu, haulizi mtu. Ndiyo desturi yetu, na sisemi ni mbaya. Imeokoa watu wengi ambao wangekufa kwa kubishana. Hagbart aliwafikisha wasomi wake mahali ambapo ramani zilikuwa karatasi tupu, akawarudisha wote, na Gudveig haikupata hata mkwaruzo wa kusimulia.

Mkewe aliitwa Ovidia, mwanamke wa Karlsøy, mpana wa mabega, mwenye ulimi usiokopesha. Walizaa watoto watatu. Mabinti wawili walichukuliwa na kifua kikuu katika majira ya baridi mamoja, mmoja akizikwa wakati mwenzake anakohoa. Akabaki Sigvald. Ovidia alimshikilia mtoto yule kama mtu ashikavyo kamba ya mwisho, na Hagbart, ambaye kila mwaka alikuwa safarini tangu theluji inapoanza kulainika hadi inaporudi, alimwona akikua kwa vipande vipande.

Alipokuja kumtazama vizuri, Sigvald alikuwa kijana mrefu, mpole, mwenye vidole vyembamba, anayefanya kazi kwa fundi saa karibu na kanisa. Alikuwa na furaha zake. Anakaa dirishani na kioo jichoni, anapuliza mluzi. Na baba yake akaona haya. Gatini walimtania: "Vipi Hagbart, mwanao kaua sili wangapi mwaka huu, au kaua dakika?" Hagbart alicheka nao, kisha akabeba utani ule hadi nyumbani, akaula na mkate wake.

Jambo jingine alilolibeba hakulisema kwa mtu. Macho yalikuwa yanakwisha. Miaka yote ile ya kukodolea jua juu ya theluji ilikuwa imemtoza ushuru wake. Kila mwaka macho yalimuungua, akakaa gizani na kitambaa usoni huku machozi yakimtiririka, kisha yakapona. Halafu la kushoto likakataa kupona kabisa, likabaki na ukungu. Ovidia aligundua siku alipomwona mumewe akimimina kahawa kando ya kikombe.

"Hagbart."

"Nini?"

"Unainywesha meza."

"Mkono umeteleza."

"Mkono hauna kosa. Wewe huoni." Akachukua kitambaa akafuta, hakuinua sauti. "Shuka kwenye pipa, mzee wangu. Mwachie msaidizi wako Storslett. Umeshafanya vya kutosha."

"Msimu huu na ujao tu. Nimemwahidi Daktari Falkanger."

Huyu Falkanger alikuwa mtu wa mawe kutoka Kristiania, mwembamba, mwenye adabu, anayechora ramani ya pwani ya mashariki ya Greenland. Alihitaji watu wawili wa kukaa msimu mzima wa baridi kwenye kibanda cha Ghuba la Jiwe Jeusi, wapime upepo na baridi, na wakipenda watege mbweha kwa faida yao. Mmoja alikuwa ameshapatikana, Isak Tennes, kijana wa shambani kutoka Målselv, mwenye nguvu za farasi na mzaha usiokauka, ingawa bahari aliijua kwa kuitazama tu. Wa pili Hagbart alimtoa nyumbani kwake.

Walikuwa mezani, chewa wa kuchemsha na maini yake, alipolitamka. Ovidia aliweka uma chini.

"Sigvald akafanye nini huko?"

"Akawe mtu. Mtoto wa nahodha hawezi kuzeeka anachungulia saa za wanawake."

"Saa zinamlisha. Wewe mpaka dubu amtafune ndiyo utaridhika?"

"Mama," Sigvald akasema, "baba akitaka niende, nitakwenda."

"Na baba akitaka uruke dirishani?"

"Inategemea ni ghorofa ya ngapi."

Hagbart alicheka. Ovidia hakucheka. Alimtazama mumewe mpaka kicheko kikaisha chenyewe, kisha akamwambia, "Utamrudisha. Si meli nyingine, si mtu mwingine. Wewe. Mimi sitasikiliza maneno ya mtu."

"Nitamfuata mwenyewe," akasema Hagbart. "Kiangazi kijacho utampakulia hapa hapa."

Aliisema kwa moyo safi. Hilo lazima nimkubalie.

Walifika ghubani mwishoni mwa kiangazi, barafu inatishia kurudi, kwa hiyo mizigo ilishushwa mbio mbio. Magunia ya makaa ya mawe yaliachwa chini ufukweni wayapandishe wenyewe. Kabla hajarudi melini Hagbart aliwasimamisha vijana wawili mbele ya kibanda, akaegemeza skii zao ukutani, upande wa bahari. Hizo mbao ndefu za kutelezea juu ya theluji ndizo miguu ya mtu pwani zile.

"Zikisimama hapa, mpo. Zisiposimama, hampo. Nahodha yeyote wa Tromsø akipita ataangalia skii kwanza. Hakuna ahamaye mahali akaacha skii, na hakuna aliyepo nyumbani skii zake zisionekane. Mmenisikia?"

"Na tukiwa chooni, Nahodha?" Isak akauliza.

"Hata chooni, zisimame."

"Basi nitamaliza haraka nisizichoshe."

Sigvald alicheka, akampa baba yake mkono. Hagbart akamsawazishia kofia. Mashua ikamchukua.

Kiangazi kilichofuata barafu ilikuwa na roho mbaya. Hata wazee waliozoea hawakuwahi kuiona imeganda pwani namna ile. Gudveig ilisukumana nayo wiki baada ya wiki, na Hagbart alikuwa karibu anaishi pipani, akiletewa kahawa kwa kamba, jicho moja linafanya kazi ya mawili. Hatimaye doa jeusi likaonekana mawinguni, mlango ukafunguka, meli ikapenya hadi mdomo wa ghuba. Nyuma yao, upepo wa kaskazini ulikuwa umeshaanza kuusukuma mlango ule ufungike.

Akaelekeza darubini ufukweni. Kibanda kilikuwepo, paa jeusi, ukuta wa kijivu. Akatafuta skii. Akafuta kioo kwa shati, akatafuta tena, pole pole, kutoka pembe hadi pembe. Ukuta ulikuwa mtupu.

"Vipi, Nahodha?" Falkanger aliita kutoka chini. "Wapo?"

"Hawapo! Skii hazipo. Kuna meli imewahi, imewachukua."

"Tupeleke mashua tukahakikishe!"

"Mashua ikienda hairudi. Geuka nyuma utazame."

Daktari aligeuka. Hakuhitaji kuwa mtu wa barafu kuelewa alichokiona. Hata hivyo akasema, "Lakini huyo ni mwanao, Nahodha. Mimi nisingelala."

"Ndiyo maana wewe ni mtu wa mawe."

Watu wakacheka. Msaidizi wake, Nikolai Storslett, mtu wa maneno machache aliyesafiri naye miaka mingi, alikuwa amesimama chini ya mlingoti na mkono kwenye ngazi ya kamba.

"Mzee, nipande nami nitupe jicho?"

Storslett alikuwa na macho ya tai, na bila shaka alikuwa amekwisha kuhisi. Hagbart naye alijua kwamba amehisi, na uso wake ulipata moto kwenye ule upepo.

"Humu mna macho ya kutosha."

Storslett akaiachia kamba. Ingekuwa meli ya Waingereza angebisha. Ingekuwa ya Waswidi wangeitisha mkutano. Kwetu aliiachia tu kamba, kwa sababu mzee yuko pipani.

Hagbart hakuwa na moyo wa jiwe. Aliamuru honi ipigwe, ikapigwa tena na tena mpaka ndege wakaruka kutoka majabalini. Wakasubiri kadiri barafu ilivyowaruhusu. Mlango wa kibanda haukufunguka. Ndipo akaigeuza meli, na tangu hapo alikuwa anaangalia mbele tu, wenzake wote wameshika miti wanasukuma mabonge yasiwasage. Walipona kwa nafasi ambayo ukiipima kwa kiganja kinabaki. Jioni ile, chini ya jua lisilozama, alishuka kutoka pipani akiwa na furaha. Alimgongea Storslett begani akasema, "Kijana atakuwa ameshafika kabla yetu, anakula vya mama yake." Ile furaha ndiyo siwezi kuisahau nikifikiria habari hii.

Ovidia alikuwa gatini. Hakumtazama mumewe, alitazama nyuma yake, kisha nyuma ya kila aliyeshuka.

"Yuko wapi?"

"Hajafika?"

"Afike na nani?"

Hagbart akaushusha mfuko wake begani, akageuka kuitazama bahari.

Akaanza kuzingoja meli. Nyingi zilikuwa bado kurudi, kwa hiyo tumaini lilikuwepo, na wala si tumaini la kijinga. Kila mlingoti ulipojitokeza kwenye mlango wa bahari, aliteremka. Kila nahodha alipokanyaga gati, alimuuliza. Huyu hakufika pwani hiyo. Huyu alifika lakini kusini zaidi. Ovidia alikuja naye mwanzoni, kisha akaacha kuja, akawa anangoja dirishani kuona kama anarudi peke yake. Meli ya mwisho ilikuwa ya Ingolf Bakkehaug, iliyokuja na barafu imeng'ang'ania kamba zake zote. Hagbart hakungoja ifungwe.

"Ingolf! Vijana wa Jiwe Jeusi, unao?"

Bakkehaug alimtazama juu ya ukingo wa meli, na uso wake ukabadilika.

"Mimi nilijua umewachukua wewe," akasema.

Hagbart alikwenda nyumbani kwa miguu. Ovidia alikuwa jikoni, amesimama, anamenya viazi. Alimwambia. Ovidia hakupiga kelele, hakuvunja kitu. Aliuliza swali moja tu.

"Ulifika mlangoni?"

"Sikufika."

Akainamisha kichwa, akaendelea kumenya viazi. Majira yote yale ya baridi alimpikia, akamfulia, akamwambia chakula kiko tayari, na akalala chumbani kwa Sigvald. Kama matusi yangenunuliwa, Hagbart angeyanunua. Alikaa gizani, kwa kuwa kwetu jua lenyewe huondoka miezi hiyo, akihesabu sababu ambazo zingemfanya mtu aliyepo aondoe skii zake ukutani. Kila aliyoifikia ilikuwa mbaya kuliko iliyotangulia.

Mwaka uliofuata bahari ilikuwa wazi kama sahani. Barafu hakuna. Ungeweza kumpeleka bibi yako na kikapu chake cha kufumia. Gudveig iliingia Ghuba la Jiwe Jeusi bila kuguswa, na Hagbart akamwachia Storslett pipa bila kuombwa. Mashua ilipokaribia ufukwe moshi ulionekana. Mabaharia wakaanza kupiga kelele za shangwe. Hagbart alikuwa amekaza jicho mlangoni: alikuwa ametoka mtu mmoja, akasimama, na hakuna wa pili aliyemfuata.

Alikuwa Isak. Nywele zimefika mabegani, meno ya mbele hayapo. Hakukimbia kuwalaki. Hagbart aliwaambia wenzake wabaki kwenye mashua, akapanda peke yake. Alipokaribia ukuta aliiona: fimbo moja ya skii, nyembamba, imechomekwa kwenye mawe, na juu yake glovu nyekundu ya sufu iliyopauka.

"Hiyo ni nini?"

"Ndiyo alama yetu," akasema Isak. "Sigvald alisema utaiona."

Wakakaa kwenye gogo mlangoni. Isak alisema bila kumtazama. Mawimbi ya kwanza ya dhoruba yalikuwa yamechukua makaa karibu yote kabla hawajamaliza kuyapandisha. Walichoma masanduku, wakachoma vitanda. Kiseyeye kikawashika, Sigvald zaidi, miguu ikavimba ikawa myeusi. Karibu na mwisho wa baridi ilikuja dhoruba isiyo na huruma, na ndani hamkuwa na kitu cha kuwasha.

"Nikazichukua skii. Zote. Yeye alinikataza, Nahodha. Alinilaani, na hakuwa mtu wa kulaani. 'Hizo usiguse, baba ataangalia skii.' Nikamwambia, baba yako akija akute maiti mbili na skii nzuri? Nikazitia motoni. Asubuhi yake akasema basi tusimamishe hata fimbo, tuifunge kitu chekundu."

"Alikufa lini?"

Isak akaitazama ile fimbo.

"Nakuuliza, Isak."

"Baada yenu."

Hagbart alishika magoti yake.

"Tulisikia honi. Tumelala, hatuwezi hata kusimama. Akasema, 'Baba kafika. Nivalishe viatu.' Nikawa namvalisha, havipiti, miguu imevimba, na yeye anacheka, ananiambia nikaze. Honi ikapigwa tena. Akasema, 'Usihangaike kwenda mlangoni, ataleta mashua, namjua.' Tukangoja mashua. Honi iliponyamaza ndipo nikatambaa. Nilipofungua mlango nikaona mgongo wa meli. Nilipiga ukelele, lakini sauti gani?"

"Na yeye?"

"Aliuliza mmefika wapi. Nikamwambia mnazunguka mnatafuta njia. Aliishi siku chache. Kila akiamka anauliza kama mmeshapata njia." Isak akajifuta pua kwa mkono. "Majani ya ufukweni yalipochipua nikayala, mimi yakaniponya, nikapata nguvu ya kuokota kuni zilizotupwa ufukweni za kunivusha baridi ya pili. Kwake yalichelewa."

Kaburi lilikuwa rundo la mawe nyuma ya kibanda. Hagbart aliinua jiwe la juu, akalishika, akalirudisha. Kisha akapiga magoti pale, mtu aliyewahi kuongoza meli kwenye mlango mwembamba kama wa zizi bila kupepesa, akalia kwa sauti mpaka waliokuwa kwenye mashua wakainamisha nyuso zao.

Wakiwa njiani kurudi melini, Storslett, aliyekuwa ameshuka pipani na kuja na mashua, alimuuliza Isak kwa upole, "Sigvald alikwenda lini?"

Isak alimtazama Hagbart, kisha akatazama maji.

"Wakati wa dhoruba za mwisho wa baridi. Kabla hamjaja."

"Na wewe ulikuwa wapi tulipopiga honi?"

"Bondeni, natafuta mayai ya ndege. Sikusikia."

Huo ndio uongo wenyewe, umesemwa kwenye mashua ya makasia, na mtu aliyechoma skii, mbele ya mtu aliyemkatalia msaidizi wake kupanda. Sijui kama Isak alimhurumia nahodha au alijihurumia mwenyewe. Hagbart angeweza kuukata pale pale kwa neno moja. Alifungua kinywa. Storslett alikuwa anamtazama, na usoni mwake Hagbart aliona kitu kama kushusha pumzi, kwa sababu Storslett naye mwaka mzima alikuwa analala na ile kamba mkononi. Akafunga kinywa.

Kwa Ovidia alikwenda na Isak. Isak alisema vilevile, neno kwa neno, akakataa kahawa, akaondoka. Wakabaki wawili. Ovidia akaweka mikono mapajani.

"Kwa hiyo ulipopita hapo, mtoto alikuwa hayupo tena."

Akaitikia kwa kichwa.

"Hata ungefika mlangoni."

Akaitikia tena.

Ovidia akainuka, akaja, akakishika kichwa cha mumewe akakibana tumboni kwake, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu walipozika mabinti.

"Mwaka mzima nimekuchukia, Hagbart. Nilikuwa nakupikia na nakuchukia. Mungu ananiona. Nisamehe."

Alingoja jibu. Hakumwachia mpaka alipojibu.

"Nimekusamehe," akasema Hagbart.

Hakupanda tena pipani. Gudveig alimwachia Storslett, na gatini waliendelea kumvulia kofia, maana hesabu zao zilikuwa zile zile: meli haikupotea. Wasomi walimwandikia wakitaka ushauri. Falkanger aliipa rasi moja jina la Hagbart, iko kwenye ramani. Isak alirudi Målselv, akawa mlevi, na alipofika mjini alivuka barabara akimwona nahodha upande huu. Jicho la pili nalo likafunga, na Ovidia akawa ndiye macho. Alimkatia nyama, alimwongoza kanisani, alimsomea habari za meli. Tangu siku ile alikuwa mwema kwake kuliko alivyokuwa hata uchumba wao ulipokuwa mbichi. Kwa jirani zake alisema, "Mzee wangu alifanya alichoweza." Hagbart alikuwa anamsikia kutoka chumbani, na mara nyingi aliamka na neno limeshafika kwenye meno. Kisha mkono wa Ovidia unampapasa shingoni, na neno linarudi chini. Aliishi hivyo miaka mingi. Baada ya miaka ya mwanzo haikuwezekana tena kusema, kwa kuwa asingemnyang'anya Ovidia mwana tu, bali na hiyo miaka yote.

Ovidia ndiye aliyetangulia. Ilikuwa moyo, na alikwenda taratibu, akili yake nzima, mumewe kipofu amekaa kitini kando ya kitanda amemshika mkono. Mchungaji alikuwa amekuja na kuondoka.

"Siogopi," akamwambia. "Nawakuta wote watatu."

"Utawakuta."

"Sigvald nitampa habari zako. Nitamwambia ulikuja, mzee wangu. Ulikuja na ukapiga honi. Maana yeye hajui, maskini."

Hagbart aliushika ule mkono kwa mikono yake miwili.

"Mwambie," akasema.